Njia ya Miguu Kati ya Hoteli na Bustani ya Burudani Ikifungwa, Fanya Hivi

Saa moja kasorobo asubuhi tulikuwa tayari. Mama mkwe yuko kwenye kiti cha magurudumu, mtandio kaubana kwa pini mbili. Salma, miaka 4, yuko kwenye kigari chake. Idi, miaka 11, katangulia na simu mkononi kama kiongozi wa msafara. Tukalipita bwawa la kuogelea, tukakata kona penye mitende ya pambo, tukagota kwenye uzio. Waya umevishwa turubai la kijani, na karatasi imetundikwa: njia ya kwenda bustanini imefungwa kwa ajili ya ujenzi, tafadhali tumieni basi. Nyuma ya turubai tulisikia muziki wa bustani yenyewe, karibu kabisa, kama ngoma ya mtaa wa pili.

"Mama Idi," mama mkwe akauliza, "kaziba nani? Serikali?"

"Si serikali, mama. Wenyewe."

"Kama wenyewe, hapana kesi." Akafungua mfuko wake wa kashata.

Hoteli hiyo jina lake silitaji. Ilikuwa upande wa Orlando, Florida, nasi tulitoka Houston kwa gari, maili karibu 1,000, tukalala njiani usiku mmoja. Tuliichagua kwa sababu moja tu: tangazo lilisema bustani iko dakika 8 kwa miguu. Bei yake ilikuwa juu kuliko hoteli za barabara kuu, na ile tofauti ndiyo tuliyolipia dakika 8. Tangu hapo nimerudi Orlando mara mbili, nimekwenda na Anaheim, California, mara moja, na shoga zangu wakipanga safari ya watoto hunipigia simu mimi kwanza. Naandika nipumzike kusema.

Anza na mchana

Mtu akikuta njia imefungwa, akili yote hukimbilia asubuhi: tutafikaje? Asubuhi haina shida. Kila mtu ana nguvu, mtoto kaamka vizuri, mabasi yanapishana. Ulichopoteza ni mchana.

Mpango wetu ulikuwa kuingia mapema, saa sita na nusu turudi chumbani, tuswali adhuhuri, tule wali niliouacha kwenye sufuria ya umeme (hoteli nyingine hazitaki, uliza, au pika kimya kimya kama mimi), Salma alale, bibi yake anyooshe magoti, halafu saa kumi na moja tuingie tena jua limeshapoa. Florida kuanzia Juni hadi Septemba mchana wake ni jua la utosi, kisha radi na mvua ya ghafla alasiri nyingi tu. Wenye njia ya miguu hukimbilia chumbani. Wengine hubanana chini ya mapaa ya maduka na kununua makoti ya nailoni kwa bei ya kitenge.

Siku ile ya kwanza nilishika saa. Kutoka langoni hadi kituo cha basi la hoteli yetu dakika 12, maana vituo vimepangwa kama stendi, na chetu kilikuwa cha mwisho kabisa. Kungoja, 21. Kumwamsha Salma na kukunja kigari, dakika 3 na kilio. Safari yenyewe, 10. Kutoka kituoni hadi chumbani, 9. Jumla 55, na hapo ni kurudi tu. Kwenda na kurudi karibu saa mbili nzima, kwa ajili ya usingizi wa saa moja.

Kwa hiyo kabla hujagombana na mtu yeyote, safiri mara moja kwa huo usafiri mbadala na uandike dakika, mlango kwa mlango, pamoja na kungoja. Usiandike ile "dakika 10" ya mtu wa mapokezi. Yeye anahesabu magurudumu yanapozunguka tu. Ikiwa jumla ni chini ya dakika 30, rudini mchana kama mlivyopanga. Ikizidi 40, futeni safari ya mchana na mtafute mapumziko humo humo ndani. Ikiangukia katikati, mwulizeni mwenye magoti.

Mapumziko ya ndani yapo, ila hayaandikwi kwenye ramani kwa jina hilo. Ndani ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney pale Florida, kuna Carousel of Progress, mchezo wa jukwaani ulioanzia kwenye maonesho ya dunia ya New York mwaka 1964. Unakaa kwenye kiti, kiyoyozi kinavuma, na ukumbi mzima wa watazamaji ndio unaozunguka, kama dakika 20. Sisi tuliingia mara mbili mfululizo, na ya pili mama mkwe alilala pazia halijafunguka. Hall of Presidents vilevile: viti, giza, baridi. Bustani zote nne za Disney pale Florida zina kituo cha watoto wachanga, chenye viti vya kunyonyeshea na mahali pa kupashia chakula, na kituo cha huduma ya kwanza. Watu hupita mlangoni mara kumi wasijue. Kuhusu swala, nilikwenda kwenye ofisi ya huduma kwa wageni karibu na lango, nikaomba mahali patulivu pa kusalia, binti mmoja akatupeleka kwenye kona yenye kivuli akasimama mbali kidogo watu wasipite mbele yetu. Sikutegemea.

Ile njia ni ya nani?

Hili swali la mama mkwe nililicheka, baadaye nikaona ndilo la kuuliza kabla hata ya kulipa.

Disneyland ya Anaheim ilifunguliwa mwaka 1955 kwenye ekari 160 hivi. Haikupita muda, hoteli ndogo za watu wengine zikaota pembeni, hasa kwenye barabara ya Harbor, na Walt Disney, mwanzilishi wake, hakupendezwa nazo. Alipogeukia Florida miaka ya 1960, kampuni ilinunua ardhi kwa siri, kwa majina ya kampuni nyingine, ikafikia ekari zaidi ya 27,000. Magic Kingdom ikafunguliwa humo mwaka 1971. Tofauti ya mgeni mwenye miguu iko hapo. Anaheim unalala kwenye hoteli ya mtu mwingine, unatoka, unavuka Harbor kwenye taa, unaingia. Njia ya pembeni ni ya jiji. Florida uko ndani ya shamba la mtu: hoteli yake, barabara yake, njia ya miguu yake. Akitaka kuifunga kesho anaifunga.

Lakini hata Anaheim usijiamini sana. Mwaka 2016 Disney ilitangaza mpango wa jengo la maegesho na kituo cha usafiri mashariki mwa Harbor, na daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara. Wenye hoteli wakaona wageni wao, waliozoea kuvuka na kuingia, watalazimika kuzunguka nyuma hadi lango jipya. Wakapinga. Mpango ukawekwa kando, na jengo jipya la maegesho lililofunguliwa 2019 likasimama upande wa magharibi. Yaani njia ya jiji ingekuwepo palepale, ila ingekufikisha kwenye ukuta. Na mwaka 2024 baraza la jiji likapitisha mpango mwingine mkubwa wa upanuzi, DisneylandForward, kwa hiyo anayelala Harbor na aulize upya kila anapoweka nafasi.

Uliza kwa maandishi, si kwa simu. Mimi huandika hivi: njia ya miguu kutoka hotelini hadi lango gani? Itakuwa wazi tarehe zangu zote, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Kiti cha magurudumu kinapita mwanzo hadi mwisho bila ngazi? Jibu likija, piga picha ya skrini. Wakijibu "kwa kawaida", hilo neno ni dalili. Rudia swali la tarehe.

Tafuta njia nyingine kabla ya basi

Basi ndilo wanalokutajia kwa sababu ndilo lililo rahisi kwao. Mara nyingi lipo lingine, na hapa inabidi ujue bustani kwa bustani.

Magic Kingdom ina njia mbili za miguu. Ya hoteli ya Contemporary ni fupi, kama dakika 10. Ya upande wa Grand Floridian ilifunguliwa 2020, ina daraja linalojigeuza kupisha vyombo vya majini, na ukianzia Polynesian unaitembea karibu nusu saa. Upande mmoja ukifungwa, usisahau monoreli, ile treni ya reli moja: inazunguka ziwa na kusimama kwenye hoteli hizo zote tatu, na kigari hakikunjwi. Halafu kuna maboti. Siku moja tulipokwenda Magic Kingdom tuliegesha gari kwenye kituo kikuu cha maegesho na usafiri, ambako wengi huvuka ziwa kwa monoreli au kwa kivuko. Mama mkwe ni wa Pangani. Alipokiona kivuko alishika mikono ya kiti akakaa wima. "Hiki cha Bweni kabisa," akasema, "ila hakina mbuzi." Tulikipanda mara tatu siku hiyo, moja bila sababu yoyote.

Mtego wa Magic Kingdom ni teksi ya kuita kwa simu. Unadhani itakushusha langoni. Inakushusha kwenye kile kituo kikuu, ng'ambo ya ziwa, na bado una foleni ya ukaguzi na ya kuvuka. Hesabu hiyo pia.

Epcot, nayo ya Disney, ina malango mawili, na huko kupoteza njia ya miguu kunabadilisha siku nzima. Hoteli za BoardWalk, Yacht Club, Beach Club, Swan na Dolphin hutembea hadi lango la nyuma, kati ya banda la Uingereza na la Ufaransa. Njia yako ikikatika, jaribu kwanza boti zinazopita hoteli hizo, au, kwa hoteli zenye kituo chake, vile vibanda vya Skyliner vinavyoning'inia kwenye waya tangu 2019, maana navyo huishia lango hilohilo. Radi ikianza, boti na vibanda husimama vyote, na vibanda havina kiyoyozi. Ukilazimika kupanda basi utashushwa lango la mbele, na hapo usifuate tena mpango wako wa zamani. Mchezo wa Ratatouille uko Ufaransa, hatua chache kutoka lango la nyuma. Guardians of the Galaxy uko upande wa mbele. Aliyepanga kukimbilia Ratatouille asubuhi halafu akashushwa mbele atavuka bustani nzima akifika na watu wameshajipanga. Geuza: anza na vya mbele, Ufaransa iache ya jioni.

Animal Kingdom, ya Disney pia, haina hadithi ndefu. Hakuna anayeingia kwa miguu kutoka hotelini, hata aliyelala kwenye hoteli yenye jina la bustani hiyo. Asikudanganye ramani ya simu.

Universal, wapinzani wa Disney hapo Orlando, njia zao ni nzuri, zimepandwa miti, na Hard Rock, Portofino Bay na Royal Pacific zina boti pia, kwa hiyo moja ikifungwa ya pili inakubeba. Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025 iko mbali na bustani zao nyingine, na hoteli ya Helios ina lango lake la kuingilia ndani. Hiyo moja lango ndilo biashara yenyewe. Uliza saa za lango.

Mapokezini

Usiende asubuhi. Asubuhi kuna foleni ya watu waliokuta uzio uleule, na kijana wa kaunta hana mamlaka ya kukupa chochote zaidi ya pole. Nenda saa nane mchana au usiku, uombe meneja wa zamu, na uende na karatasi mbili: uthibitisho wa nafasi ulioandikwa umbali wa kutembea, na picha ya uzio yenye tarehe. Nilichukua na ile orodha yangu ya dakika. Meneja aliisoma mstari kwa mstari. Kwenye "dakika 3 na kilio" akatabasamu, na hapo tukaanza kuongea.

Mume wangu alitaka arudishiwe fedha. Nilimwambia aniachie. Fedha huhitaji mtu wa ofisi nyingine, barua, na wiki. Sisi tulikuwa na siku nne. Nikaomba vitu alivyoweza kuvitoa palepale kwa kompyuta yake: chumba cha chini karibu kabisa na kituo cha basi, maegesho bila malipo, na kutoka saa nane mchana siku ya mwisho badala ya saa tano. Akatoa vyote vitatu. Chumba peke yake kilitupunguzia dakika 7 kila tunapopita, mara nne kwa siku. Salio la bei niliandikia makao makuu baada ya kufika nyumbani, na ilichukua miezi.

Kuhusu kiti cha magurudumu, huko usiombe, taja sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu. Hoteli inaweza kufunga njia kwa muda ikitengeneza, lakini ikiwapa wageni wengine basi dogo, mwenye kiti naye apate usafiri wa kiwango hichohicho. Si "tutakuitia gari, subiri kidogo" wakati wenzake wanaondoka. Kibasi walichotuletea kwanza kilikuwa na ngazi tatu. Nilisema sentensi moja tu: mama huyu atapandaje? Sikupandisha sauti. Kesho yake likaja lenye ubao wa kupandishia kiti.

Usipite pembeni mwa barabara

Mume wangu ni mtoto wa Pongwe, kakulia kukatiza mashamba ya katani, na kwake uzio ni ushauri tu. Siku ya pili akasema barabara ya magari inazunguka hapo nyuma, tuifuate, dakika 15. Tukamfuata. Njia ya saruji ilikwenda kama mita 200, ikaisha kwenye nyasi, bila onyo, kama mtu aliyeacha sentensi katikati. Magari yanapita kasi ya barabara kuu. Kushoto, mtaro wa maji mazito, na kibao chenye picha ya mamba na nyoka.

Mama mkwe akakitazama kile kibao kwa muda. "Mwanangu," akamwambia mwanawe, "Pangani nimewakimbia mamba miaka sitini, umenipandisha ndege nije niwafuate huku?"

Gari la walinzi lilitufikia kabla hatujamaliza kugeuza kiti. Walikuwa wapole, wakatusindikiza mpaka hotelini kwa mwendo wa harusi, taa zikimweka, wageni wote wa bwawa wakitutazama. Barabara zile hazikujengewa mwenye miguu, na ramani ya simu inayokuonesha mstari wa bluu haijui nyasi inaanzia wapi.

Usiku

Safari ngumu kuliko zote ni ya baada ya fataki. Maelfu wanatoka kwa pamoja, foleni ya basi inajikunja kama ya mafuta ya taa ya zamani, na hapo ndipo utaikumbuka ile njia ya dakika 8. Usiondoke na umati. Keti. Maduka ya Main Street, mtaa wa kuingilia Magic Kingdom, hubaki wazi baada ya bustani kufungwa rasmi, nasi tulikaa kwenye benchi dakika 40 tukimalizia kashata.

Au fanya tulivyofanya usiku wa mwisho Magic Kingdom. Gari tulikuwa tumeliacha hotelini, foleni ya mabasi haina mwisho, ya kivuko nayo ndefu. Tukakata kushoto tukafuata njia ya miguu hadi Contemporary. Imesakafiwa vizuri na ina taa, kiti kilikwenda chenyewe, Salma kalala na mdomo wazi, Idi anasukuma bibi yake na kumhesabia nguzo. Mbele ya hoteli tukaita teksi kwa simu, ikaja baada ya dakika 6, dola 19. Agiza gari ukishafika mlangoni, si njiani, na uchague lenye buti kubwa. Kiti na kigari haviingii pamoja kwenye gari dogo, mmoja wenu atavipakata.